Alama ya tusi katika kamusi: inahukumu herufi au historia?

Wengi huamini kwamba tahajia huwa tusi kwa sababu ya herufi zake. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Moslem, tahajia ambayo kamusi nyingi za Kiingereza leo huieleza kuwa ya zamani au ya kuudhi, zikipendekeza Muslim. Hudaiwa kwamba Moslem, ikitamkwa kwa z, ni "dhalimu" kwa Kiarabu. Si kweli: dhalimu ni dhaalim, na neno la Kiarabu lililo karibu zaidi na matamshi hayo ni mudhlim, yaani "yenye giza". Kinachoudhi hasa ni kupuuza namna wenye jina wanavyojiandika. Mohammedan, jina la zamani la Kiingereza la kuwaita Waislamu kwa jina la Mtume Muhammad, ina kosa zito zaidi, kwani hudokeza kwamba Waislamu humwabudu Mtume. Hata hivyo sheria za ndoa za Waislamu zilizotungwa Kenya wakati wa ukoloni zilibeba jina hilo hadi zilipofutwa mwaka 2014.

Wengine hudhani kwamba neno likishapewa alama ya tusi, yaani maelezo ya kamusi kwamba linaudhi, ni tusi kila mahali. Litazameni neno kaffir. Chimbuko lake ni lile lile la kafiri yetu, yaani asiyeamini. Wareno walilipokea kwa Waarabu, wakaliita "Cafre" na kuwabandika Waafrika wa kusini, na chini ya ubaguzi wa rangi likawa tusi chungu kiasi kwamba Machi 2018 mahakama ya Afrika Kusini ilimfunga mwanamke aliyelirudia mara kadhaa. Lakini huko Sri Lanka, wazao wa Waafrika waliopelekwa na Wareno hujiita Kaffir bila kuona haya. Kwa hiyo mtunzi makini wa kamusi hataji tu kwamba neno linaudhi, bali pia linaudhi wapi na linamuudhi nani.

Ipo pia dhana kwamba kamusi ikiingiza tusi imeliidhinisha. Kamusi hurekodi yanayosemwa, na kulificha neno hakumlindi anayetukanwa nalo. Hata hivyo, mahali pa kuweka tahadhari kwamba neno linaudhi si jambo dogo. Mwaka 1997 Wamarekani Weusi waliilalamikia Merriam-Webster, kampuni ya Marekani inayochapisha kamusi, kwa sababu neno la kuwatusi lilifasiriwa kwanza kama "mtu mweusi", ndipo ikafuata tahadhari. Baadaye wahariri waliihamishia mbele, kwa herufi za mlazo, mara baada ya kidahizo, yaani neno linalofasiriwa, na kabla ya maana. Naona walitenda haki, kwa kuwa msomaji mwenye haraka huishia kwenye maneno ya kwanza.