Frontia ni nini? Sio mpaka kama tunavyoujua

Watu wengi wakisikia frontia kwenye muvi za makauboi wanadhani ni mpaka tu, ule wenye geti, askari na mhuri wa paspoti. Hapana, ni kitu kingine. Kwa Wamarekani wa miaka ya 1800 frontia ni pale makazi ya wazungu yanapoishia, na pale penyewe hapatulii, kila walowezi wakiongezeka panasogea magharibi. Watu wa sensa walikuwa na kipimo chao, chini ya watu 2 kwa maili ya mraba basi hiyo ni ardhi isiyokaliwa, na sensa ya 1890 ndo ikasema mstari wa frontia haupo tena. Desemba ya mwaka huohuo jeshi la Marekani likaua Walakota, kabila la wenyeji wa asili wa huko, zaidi ya 150 pale Wounded Knee, South Dakota.

Yaani neno lenyewe linaangalia upande mmoja, maana Mlakota hakuwa anaishi frontia, alikuwa kwao.

Hapo ndo naipendea Dances with Wolves ya Kevin Costner, 1990, ile iliyobeba Oscar 7. Luteni Dunbar anaomba mwenyewe apelekwe huko aione frontia kabla haijaisha, anafika Fort Sedgwick, kambi ya jeshi, anakuta hakuna mtu, halafu taratibu anagundua majirani anao, Walakota. Ile sini anajifanya nyati, yuko chini na vidole vya pembe kichwani, mpaka Kicking Bird, mmoja wa Walakota hao, anashtuka anamwambia "tatanka", yaani nyati kwa Kilakota, kwangu ndo roho ya filamu nzima, wamepata neno moja tu lakini kuanzia hapo wanaweza kuongea. Na Walakota wanaongea Kilakota chao kabisa na maandishi chini, mama mmoja Mlakota, Doris Leader Charge, ndo alitafsiri na kuwafundisha waigizaji, na mle ndani kacheza pia.

Ila Wapawnee, kabila jingine la wenyeji kwenye filamu hiyo, walionewa jamani. Wamechorwa wakatili tu bila sababu, wakati walikuwa na vita ya muda mrefu na Walakota na wao ndo walikuwa wanazidiwa, mwaka 1873 huko Nebraska Walakota waliwavamia Wapawnee wakiwa kwenye msafara wa kuwinda nyati, pamoja na wake na watoto wao, wakaua wengi sana. Filamu ya saa tatu ilikosaje hata dakika tano za kukaa kwenye moto wa Wapawnee tukawasikia nao?