Amekuja usiku, amepigwa: la kufanya kabla hamjaita wazee

Mwanamke anayepigwa nyumbani hapa Mombasa ni nadra kuanzia polisi au hospitalini. Huanzia kwa shangazi yake, kwa somo yake, kwa jirani wa ploti moja. Kwa hiyo makala haya ni yako wewe utakayemfungulia mlango. Sisi tunaowahudumia manusura tunajua kwamba sehemu kubwa ya kinachoharibu kesi huwa kimeshatokea kabla hawajatufikia, na mara nyingi kimefanywa na watu wanaowapenda.

Hospitali kwanza. Bado kuna wanaoamini kwamba daktari hamgusi mtu aliyepigwa mpaka alete P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha. Si kweli. Matibabu hayangoji fomu, na kituoni anaweza kwenda akishatibiwa. Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ina kituo maalumu cha kuwahudumia manusura wa dhuluma za kijinsia. Akiwa Likoni au Changamwe na hawezi kuvuka usiku ule, aende hospitali ya serikali iliyo karibu naye. Asingoje kupambazuke.

Kama ameingiliwa kwa nguvu, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120. Asioge wala asifue. Akibadilisha nguo, zitiwe kwenye bahasha ya khaki au zifungwe kwa gazeti, kila nguo peke yake. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, nguo ikaota ukungu na ushahidi ukapotea. Hospitalini hujazwa fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, nakala tatu, mojawapo ikiwa ya manusura mwenyewe. Aidai.

Zile dawa za kuzuia virusi humezwa siku 28 mfululizo. Wengi huziacha wiki ya kwanza kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa sababu wamerudi nyumbani na hawana pa kuzificha. Ajue mapema kwamba kichefuchefu hupungua akimeza baada ya kula, na kwamba unaweza kumwekea wewe. Kumwekea kikopo cha dawa ni msaada mkubwa kuliko nasaha nyingi.

Jambo moja ambalo watu hawalitaji wasipoulizwa ni kukabwa koo. Muulize waziwazi: alikushika shingo? Mtu anaweza kukabwa mpaka akazimia na asubuhi shingo isionyeshe alama yoyote. Ishara ni sauti iliyokwaruza, kumeza kwa tabu, vidoadoa vyekundu machoni, kujikojolea bila kujua. Amwambie daktari kwa maneno hayohayo, kwa kuwa uvimbe wa ndani unaweza kumziba pumzi baada ya saa kadhaa. Pia mume aliyefikia kukaba ni hatari zaidi ya aliyepiga kofi. Ukisikia hivyo, usimwache alale kwake usiku huo.

Michubuko nayo haionekani yote siku ya kwanza, hasa kwa ngozi nyeusi. Apigwe picha leo na apigwe tena baada ya siku mbili, uso ukionekana katika picha moja, jeraha kwa karibu katika nyingine.

Kituoni aulizie dawati la jinsia. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani inampa haki ya kuandikiwa taarifa na afisa wa jinsia yake akitaka hivyo. Asiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na aiandike mahali pengine zaidi ya simu, maana simu ndiyo huvunjwa kwanza. Fomu ya P3 hutolewa bila malipo: polisi hujaza sehemu yao, daktari yake. Katika taarifa, "alinipiga" haitoshi. Aseme alipigwa kwa kitu gani, wapi mwilini, mara ngapi, nani alisikia kelele. Mlinzi wa geti na mama wa chumba cha pili ni mashahidi wazuri, na mara nyingi hakuna anayewauliza.

Sasa suala la wazee. Kuitana na kusuluhishana ni desturi yetu na ina heri nyingi, lakini kwa mtu aliyejeruhiwa hugeuka kuwa njia ya kununua muda. Vikao viwili vitatu, siku zinapita, majeraha yanapona, dawa hazina kazi tena, kisha anaambiwa asitiri nyumba yake. Na kama aliyeingiliwa ni mtoto, hakuna cha kusuluhisha. Kesi ni ya Jamhuri, si ya familia, na pesa zinazopokewa barazani haziifuti. Piga 116, nambari ya watoto. Kwa dhuluma za kijinsia piga 1195. Zote ni bure.

Wengi huuliza kama waende kwa kadhi au mahakama ya kawaida. Hakuna haja ya kuchagua. Kadhi ana mamlaka juu ya talaka na nafaka, yaani matunzo, kwa Waislamu. Hana mamlaka ya kumfunga mtu kwa kupiga. Wakati shauri liko kwa kadhi, hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi, na ya muda hutolewa hata mume asipokuwepo. Amri hiyo inaweza kumzuia asifike anakokaa mkewe, asimpigie simu, asimtumie ndugu kumtisha. Akiivunja, anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Sheria hiyo ya 2015 imetaja pia kulazimishwa tendo la ndoa na wakwe kuingilia maisha ya wanandoa, mambo ambayo wengi hudhani hayana mlango mahakamani. Kosa la ubakaji katika sheria ya 2006 ya makosa ya kingono haliwahusu waliooana kihalali, ndiyo maana kwa mke amri ya ulinzi ina uzito wa pekee. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na husaidia kuandika maombi. Shanzu nako, tangu 2022, kuna mahakama maalumu kwa kesi za dhuluma za kingono na kijinsia.

Amri ikishatoka, itolewe nakala kadhaa. Moja ipelekwe kituo cha polisi kilicho karibu na anakolala sasa, si kile cha mtaa aliohama, kwa sababu polisi watakaoitwa usiku ni wale wa huko. Nyingine apewe mwalimu mkuu wa shule ya watoto, pamoja na jina la anayeruhusiwa kuwachukua.