Greihaundi hahitaji kukimbizwa kutwa

Ukimtembeza greihaundi, yule mbwa mwembamba wa mbio, mitaa ya Njiro, Arusha, hutakosa mtu wa kukuambia: "Huyo ni wa mbio, mfungulie akimbie kutwa, la sivyo atawatafuna wenzake." Si kweli. Mbio zake ni za kufyatuka: hufika karibu kilomita 70 kwa saa, kisha pumzi humwishia upesi. Matembezi mawili ya kawaida kwa siku yanamtosha. Muda mwingi uliobaki analala.

Na hapo kwenye kulala ndipo penye ugomvi, hasa nyumba ikiwa na mbwa wengine. Greihaundi aliyestaafu mashindano mara nyingi amezoea kulala peke yake kizimbani. Mbwa wako wa kienyeji akimkanyaga usingizini, anaweza kushtuka na kung'ata kabla hajajua ni nani. Wengine hulala macho wazi, kwa hiyo usihadaike. Mwite jina kwanza, ndipo umguse. Kila mbwa awe na godoro lake, na chakula ale pembeni, mbali na wenzake.

Kumfungulia kamba ndiyo hatari yenyewe: akiona kuku wa jirani, hasikii la mtu. Julai, baridi ya Arusha ikikaza, mvishe sweta, maana ngozi yake ni nyembamba na mafuta mwilini hana mengi (majirani watacheka, waache).