Skrini ya Kichwani: Pima Macho Kabla ya Kuivaa

Weka kidole sentimita tano mbele ya jicho. Utaona ukungu tu, maana jicho haliwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kiasi hicho. Ndiyo sababu skrini ya kuvaa kichwani, hata iwe ndogo kama stempu, haifai kitu bila lenzi. Lenzi huikuza picha na kuifanya ionekane kama iko mita moja au mbili mbele ya mvaaji. Ivan Sutherland alilionyesha hilo Marekani mwaka 1968, kwa mtambo mzito uliobidi kuning'inizwa darini.

Malalamiko mengi ya kichwa kuuma huanzia kwenye kitovu cha lenzi. Mboni isipokaa nyuma ya kitovu hicho, picha hufifia pembeni na macho huvutana kutafuta mwafaka. Watu wazima wengi wana milimita 54 hadi 74 kati ya mboni na mboni. Quest 2, skrini ya kichwani ya kampuni ya Meta, ina nafasi tatu tu za kupanga lenzi: milimita 58, 63 na 68.

Kupima umbali huo wa mboni ni rahisi. Simama sentimita 20 kutoka kwenye kioo, shika rula ya milimita usawa wa nyusi. Funga jicho la kulia, weka sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, funga la kushoto, fungua la kulia, usome namba iliyo juu ya katikati ya mboni yake. Rudia mara tatu. Ukipata namba zinazopishana sana, rula imecheza. Fundi miwani naye hukupimia kwa dakika moja.

Hata hivyo kipimo hakimalizi yote. Kitu kikionekana karibu na pua, macho hugeuka ndani kukifuata, ilhali lenzi inayalazimisha kuona kwa umbali uleule wa mita moja au mbili. Ubongo hupokea taarifa mbili zinazogombana. Kwa hiyo maandishi ya kusoma yawekwe mbali kidogo, na mtu apumzike kila nusu saa. Kichefuchefu kikianza, vua papo hapo, kujikaza hakusaidii.

Skrini za jicho moja zina tabu yake. Marubani wa helikopta za Apache huona picha ya kamera ya usiku kwa jicho la kulia, la kushoto likibaki na giza la nje. Macho hayo hushindana, na kamera yenyewe iko puani mwa helikopta, si pale alipo rubani. Fundi anayesoma mchoro wa mashine huku mikono ikifanya kazi ana nafuu: hutupia jicho mara mojamoja tu.

Mwenye kifafa amwone daktari kwanza. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, bila spiriti. Na usikiache kifaa dirishani: jua likipenya lenzi huunguza skrini kwa sekunde chache, kama kioo cha kukuza kinavyochoma karatasi, na doa hilo halitengenezeki.