Saheli si jangwa

Juzi nimeisikia tena redioni, kwa sauti ya mtu asiye na shaka hata chembe: "jangwa la Saheli." Chai ikanipalia.

Saheli ni ukanda wa nyika kame ulio kusini ya Sahara, kutoka Senegal na Mauritania hadi Sudan. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, takriban Juni hadi Septemba. Basi, maana ndiyo hiyo.

Kinachoniudhi ni Mswahili kulikosea neno ambalo ni ndugu yake wa tumbo moja. Kwa Kiarabu, sahil ni pwani. Wingi wake ni sawahil, na ndiko lilikotoka jina letu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita huku mwaka 1331, anaitaja nchi ya Sawahil. Sasa Saheli ni pwani ya bahari gani? Ya mchanga. Huyo huyo Ibn Battuta, mwaka 1352, alitoka Sijilmasa, mji wa Morocco kaskazini ya Sahara, na msafara wa ngamia, akakata jangwa miezi miwili ndipo akafika Walata, katika Mauritania ya leo. Anayesafiri hivyo, akiona nyasi, ameona nchi kavu kama nahodha wa jahazi. Pwani ndiyo hiyo.

Sahara ni neno jingine kabisa, kutoka sahra, linaloandikwa kwa herufi ya Kiarabu sad, si kwa sin kama sahil. Tena sahra lenyewe ni jangwa, kwa hiyo "jangwa la Sahara" ni jangwa la jangwa. Hilo nimeshalisamehe.

Chukua jimbo la Oudalan, kaskazini kabisa ya Burkina Faso, linalopakana na Mali na Niger. Matuta ya mchanga yapo, sikatai. Lakini juu ya matuta hayo hayo watu hulima uwele: mmoja anatangulia na jembe la mpini mrefu akifungua vishimo, wa nyuma anadondosha mbegu na kuzifukia kwa wayo. Chini ya tuta la Oursi kuna ziwa linalojaa mvua ikinyesha, ndege wa maji wakalivamia. Kiangazi kikikaza, wafugaji wa Kifulani huswaga ng'ombe kuelekea kusini. Gorom-Gorom, mji mkuu wa jimbo, ulijulikana kwa soko lake la Alhamisi, la mifugo na nafaka. Vita vya miaka hii vimewahamisha wengi, na huo ni msiba wa watu. Usiubandike kwa jangwa.

(Mkoa ambamo jimbo la Oudalan limo uliitwa Sahel hadi 2025, ulipopewa jina la Liptako. Ramani nyingi bado hazina habari.)

Kosa la pili ni kuita Burkina Faso nzima Saheli. Banfora, kusini-magharibi, kuna mashamba ya miwa na maporomoko ya maji.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, "ukanda wa Saheli" inatosha. Hilo "jangwa" liache kaskazini, liko kwao.