Je, wajua kwa nini nyumba ya Mbugis hubebwa nzimanzima?

Katika vijiji vya wakulima wa mpunga vya Sulawesi Kusini, Indonesia, mtu akinunua nyumba ya mbao anaweza kufika na majirani zake, mianzi na kamba, akaondoka nayo mabegani: paa, kuta, sakafu na madirisha yake. Kazi hiyo Wabugis, kabila la huko, huiita mappalette bola, kuhamisha nyumba. Anayeiona kwa mara ya kwanza kwenye video hukisia kwamba ni kibanda chepesi cha mianzi. Sivyo. Nyingi ni nyumba za mbao ngumu zenye uzito wa tani kadhaa, na zinabebeka kwa sababu hazikuwahi kuingia ardhini.

Kosa la pili la kawaida linahusu zile nguzo ndefu. Wabugis wanajulikana duniani kama mabaharia, kwa hiyo mtu akiona nyumba iliyoinuliwa karibu mita 2 kutoka chini husema moja kwa moja: mafuriko. Kwa wanaokaa kando ya Ziwa Tempe, huko Wajo, maelezo hayo yana ukweli, maana ziwa hilo hufurika kila mwaka. Lakini nyumba za namna hiyohiyo zimejaa Soppeng na Bone, juu ya vilima ambako maji hayajawahi kufika. Na Wabugis wengi si mabaharia hata kidogo, ni wakulima. Sensa ya Indonesia ya mwaka 2010 iliwahesabu zaidi ya milioni 6, na wilaya kama Sidrap na Pinrang ni ghala la mpunga la kisiwa cha Sulawesi.

Ukitaka kujua nguzo ni za nini, tazama uvungu wa nyumba mchana. Humo mna trekta ndogo ya mkono, pikipiki, magunia ya mpunga, kuku, na kitanda cha mianzi ambapo watu hupumzika jua likiwa kali. Huko Wajo utakuta pia mtambo wa kufuma hariri. Sakafu iliyoachwa mianya midogo huingiza hewa kutoka chini, na unyevu wa udongo haufiki vyumbani. Juu kabisa, chini ya paa, kuna dari liitwalo rakkeang, ghala la mpunga la asili. Mapokeo huzilinganisha ngazi hizo tatu, dari, vyumba na uvungu, na ulimwengu wa juu, wa kati na wa chini. Kuzitaja nguzo kama kinga ya mafuriko tu ni kusahau nusu ya nyumba.

Sasa fremu yenyewe. Fikiria kitanda cha kamba cha pwani. Matendegu manne yametobolewa. Mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni huingia katika matundu hayo na kukazwa. Matendegu yamesimama sakafuni tu, hakuna lililochimbiwa. Jioni watu wawili hukinyanyua wakakitoa uani, kwa sababu ukiinua mfumbati umeinua kitanda chote. Nyumba ya Mbugis ni kitanda hicho kilichoongezewa matendegu hadi 16 au zaidi. Kila nguzo, aliri, hutobolewa mraba. Boriti ziitwazo pattolo hupita ndani ya matundu ya safu nzima ya nguzo kwa upande mmoja, nyingine ziitwazo arateng hupita kwa upande wa pili, kisha kabari za mbao hugongwa kukaza. Boriti hizo hubeba sakafu. Nyingine juu yake hubeba dari. Kuta hazibebi kitu, zimepachikwa tu kati ya nguzo. Na kila nguzo hukaa juu ya jiwe, bila saruji wala shimo.

Wapo wanaosema jiwe hilo liliwekwa kwa ajili ya matetemeko, ili nyumba iteleze badala ya kuvunjika. Inawezekana linasaidia, lakini rasi ya kusini ni tulivu ukiilinganisha na Palu, katikati ya kisiwa, palipopigwa na tetemeko kubwa Septemba 2018. Mchwa na kuoza vinatosha kueleza jiwe: mti uliochimbiwa kwenye udongo wa tropiki huliwa kuanzia chini.

Hesabu ya uzito si ngumu. Nguzo ya sentimita 15 kwa 15, urefu mita 6, ya mti wenye kilo 700 kwa mita ya ujazo, ina takriban kilo 95. Nguzo 16 zinafikia tani 1.5. Ongeza boriti, mbao za sakafu, kuta na mabati, tuseme tani 5. Watu 100 wakibeba sawasawa, kila mmoja ana kilo 50. Tatizo ni hilo neno sawasawa, kwani mrefu hubeba sehemu ya mfupi, na penye bonde anayesimama shimoni habebi chochote.

Ndiyo maana maandalizi huchukua muda kuliko safari. Vyombo, makabati na vioo hutolewa, na mpunga hushushwa kutoka darini, kwa sababu uzito ulio juu huifanya nyumba iyumbe. Ngazi hung'olewa. Mianzi minene hufungwa kwenye nguzo kwa urefu na kwa upana, usawa wa bega, na wabebaji husimama nje na ndani ya uvungu pia. Kimo cha uvungu ndicho kinachowapa nafasi ya kutembea chini ya sakafu. Njia husafishwa, na nyaya za umeme hutazamwa mapema. Kiwanja kipya hupangwa mawe kwa vipimo vilevile vya nguzo.

Kiongozi mmoja tu ndiye hutoa sauti. Wote huinua pamoja, huenda hatua fupi, huweka chini, hupumzika. Kona ndiyo mtihani: walio upande wa nje hutembea sana, wa ndani karibu wasimame, na wakikosana fremu husokoteka, boriti ikapasukia pale pale ilipotobolewa. Nguzo iliyooza mguu nayo hukatika inapowekwa chini kwa kishindo. Nyumba ikifika, nguzo isiyogusa jiwe hutiliwa jiwe bapa au kipande cha mbao ngumu. Kwa masafa mafupi kwenye ardhi tambarare, wengine huweka magurudumu chini ya nguzo na kuisukuma. Wanawake wamekwisha kupika. Msaragambo huu haulipwi pesa, hulipwa chakula na ahadi ya kwenda kubeba ya mwenzako.

Kwa nini isifumuliwe tu? Hufumuliwa, hasa ikienda mbali kwa lori. Lakini kufumua na kuunga upya ni kazi ya siku nyingi ya fundi, na matundu hulegea kila kabari inapotolewa. Tena, kijijini nyumba na kiwanja ni mali mbili. Kijana anaweza kujenga kwenye ardhi ya wazazi, ardhi ikagawanywa kwa urithi, naye akabaki na nyumba isiyo na mahali. Au barabara inapanuliwa, nyumba inarudishwa nyuma mita 10.

Kisichohama ni choo na jiko la matofali lililoongezwa nyuma, ambalo hukatwa na kuachwa. Siku hizi wengi huziba uvungu wote kwa tofali ili wapate vyumba vya chini. Nyumba ya namna hiyo ikiuzwa, mnunuzi huamua kwanza kama atabomoa tofali au atanunua na kiwanja.