Ati ukipatikana na presha usahau bima ya maisha? Hebu tuangalie ukweli

Hii mambo ya kupimwa ndiyo hufanya Wakenya wengi wahepe bima ya maisha, ajenti akitaja tu damu na mkojo mtu anaanza "nitakupigia". Na mengi wanayoogopa hata hayako.

Kwanza hiyo ya ati kila mtu lazima apimwe. Wapi. Zile bima ndogo za mazishi kwa kawaida hazina vipimo, kuna tu muda wa kungoja kabla waanze kulipia kifo cha ugonjwa. Bima ya kikundi kazini nayo iko na kiwango cha pesa za bima ambacho chini yake hakuna anayedungwa sindano. Ukijichukulia mwenyewe wanaangalia umri na pesa unazotaka, kijana wa miaka 28 mwenye kiasi kidogo mara nyingi anajibu maswali ya afya tu, wa miaka 52 anayetaka mamilioni huyo ataitwa: presha, uzito, mkojo, damu, pengine na kile kipimo cha moyo cha nyaya kifuani. Mara nyingi kampuni ndiyo hulipa, lakini uliza mapema.

Sasa sukari na presha, hapa ndipo watu wamedanganyana sana. Kampuni haitafuti mtu asiye na ugonjwa wowote, inataka kujua ikutoze ngapi. Presha iliyotulizwa na dawa, kadi ya kliniki iko, wengi hukubaliwa, labda premiamu, zile pesa unalipa za bima, iongezwe kidogo. Ile ambayo haitibiwi ndiyo huwatia wasiwasi, na hata hapo unaweza kuambiwa nenda utibiwe kwanza halafu urudi, sasa huko ni kukataliwa kweli?

HIV pia. Sheria ya HIV na UKIMWI ya 2006, kifungu cha 35, inataka kampuni ziweke kiwango cha pesa za bima ambacho chini yake huulizwi hali yako. Ukitaka zaidi ya hapo wanaweza kukuomba upimwe, lakini hawaruhusiwi kumpelekea bosi wako majibu bila idhini yako ya maandishi.

Kuna wale huacha sigara siku mbili kabla ya kupimwa wakidhani wamejanjaruka. Kampuni zingine hupima kotinini, ile mwili hutengeneza kutoka kwa nikotini ya tumbaku, na hiyo hubaki mwilini siku kadhaa, ugoro na shisha pia huonekana. Cha maana ni kufuata maagizo ya kufunga kula, usifanye mazoezi asubuhi hiyo manake protini inaweza kutokea kwa mkojo, na mwanamke akiwa kwa siku zake aseme tu, ile damu inaweza kufanya vipimo virudiwe bure.

Lakini kubwa kuliko zote ni hii: ati vipimo vikitoka safi, uliyoficha kwa fomu yamekwisha. Hapana! Vipimo vyenyewe havioni kila kitu, na siku ya klemu, yaani familia ikidai malipo, kampuni inaweza kuitisha rekodi za hospitali, ikipata ulikuwa unatibiwa figo na uliandika "hapana", inaweza kukataa kulipa. Na aliyedanganya hayuko ajitetee, ni mama watoto anazungushwa ofisini. Kwa hivyo ajenti akikwambia "weka hapana kote iende haraka", kataa, yeye anafikiria komisheni na sahihi ni yako. Jaza mwenyewe, dawa unazomeza uziandike kwa majina, na uitishe kopi ya hiyo fomu kabla hujatoka.